Baiskeli Yangu Haichechemei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote namshukuru Mungu aliyeniamsha leo na kunipa mkono uliotulia, maana siku hizi zilizopita hata kalamu isingeshikika kwa hasira. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepunguza ubishi, na wajukuu wanakuachia angalau nafasi ya kumaliza chai ikiwa bado ya moto. Sisi huku hatujambo. Binti yetu bado yuko kwenye lile duka la fotokopi na anakuamkia sana. Anasema shangazi asisahau kumeza dawa.

Ningekupigia simu, lakini kila nikianza kusimulia mambo haya sauti inapanda, salio linaisha, na hasira inabaki palepale. Kwa hiyo nimekaa mezani nikuandikie taratibu. Nakuomba usome mpaka mwisho, dada, usiruke hata mstari, kwa sababu huko mwishoni kuna jambo linalokuhusu wewe mwenyewe.

Habari ni hii: niliuza baiskeli yangu. Ile nyeusi, unaikumbuka, ambayo wewe mwenyewe uliwahi kupandia keria ukapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Sikuiuza kwa shida, Mungu hajaniacha. Ni kwamba tajiri wetu amehamishia ghala la nafaka huku karibu na kwangu, sasa kutoka mlangoni hadi kwenye mizani yangu ni mwendo wa kutembea tu. Baiskeli ikabaki kusimama koridoni, na kila anayepita anaacha ngozi ya muundi kwenye pedali. Binti akasema baba, hiki chuma kitatuua, tukiuze mtandaoni, kuna ukurasa watu wanauziana vitu vyao vilivyotumika. Nikakubali.

Lakini nilimpa sharti. Wewe unanijua. Nimesimama kwenye mizani ya watu tangu nikiwa kijana, hata jina langu la kuzaliwa wameshalisahau, ni Bwana Mizani huku, Bwana Mizani kule. Nikamwambia binti, hatutauza kitu cha kuficha. Andika kila kasoro. Nikamtajia, naye akaandika kwenye simu: rangi imebanduka kwenye fremu, madigadi ya nyuma imefungwa kwa waya, breki ya mbele inashika kwa kuchelewa, kengele inalia inapojisikia, kiti kimewekwa kiraka na marehemu mke wangu. Binti akaacha kuandika, akanitazama, akaniuliza kama tunauza baiskeli au tunaitubia dhambi. Nikamwambia andika.

Hapo ndipo alipojitokeza kinyozi. Ana kibanda chake kule njia panda, kioo kikubwa, kiti cha kuzunguka na mdomo usiokuwa na breki. Alikuja jioni, akabonyeza matairi, akazungusha gurudumu, akasifu kwamba hajawahi kuona tangazo la mtu anayejichongea mwenyewe kiasi kile. Akataka kuijaribu. Unajua mtaa wetu ulivyo mteremko. Alikaa juu yake, akaachia, ikamshusha mpaka chini bila yeye kukanyaga pedali hata mara moja, akarudi anaikokota huku anacheka kama mtoto. Tukapatana, akalipa, tukapeana mikono. Nilimwombea hata safari njema.

Hazikupita siku nyingi, binti akarudi kazini amekunja uso. Akasema kinyozi ameandika. Nikamwuliza ameandika nini. Akasema ameandika kwamba baiskeli inachechemea.

Nilicheka, dada. Kweli nilicheka. Nimewahi kusikia punda anachechemea, nimewahi kusikia meza inachechemea, lakini baiskeli! Nikamwambia binti amjibu kwa heshima kwamba chombo hicho nimekipanda miaka na miaka, mvua na jua, na hakijawahi kuchechemea, labda akaze misuli. Kinyozi akajibu kwamba misuli yake iko sawa, anataka pesa yake. Nikajibu kwamba kasoro zote zilitajwa naye alizisoma. Akajibu kwamba kasoro ndogo nilizitaja zote ili nifiche kubwa, na kwamba huo ndio ujanja wa watu wazima wenye sura ya kanisani.

Soma tena hapo, dada. Sura ya kanisani. Mimi!

Halafu akafanya jambo ambalo hata mbwa asingemfanyia mwenzake. Akaenda kwenye ule ukurasa, chini ya picha ya baiskeli yangu, akaandika watu wote wasome. Kwamba wajihadhari na mzee mmoja wa mizani anayeuza vilema kwa bei ya wazima. Na wewe unawajua watu. Asiyekuwa na la kusema akapata la kusema. Mmoja akauliza, kama baiskeli ni hivyo, na magunia yetu je? Mwingine akaweka vikatuni vya kucheka. Binti alitaka kunificha, nikamnyang'anya simu nikasoma mwenyewe kwa miwani, mstari kwa mstari.

Kesho yake ghalani akaja yule mama wa maharage, ambaye nimempimia tangu mwanawe wa kwanza yuko mgongoni. Nikapima gunia lake, nikataja uzito. Akasimama. Hakuondoka. Akaniambia kwa adabu, macho chini, kwamba kama sitajali, lirudishwe juu tupime tena. Dada, ni heri angenitukana. Nikalirudisha. Uzito ukawa uleule, kwa nini usiwe uleule? Lakini nyuma yake foleni nzima ilishaona, na wote wakataka kupimiwa mara mbili. Siku hiyo tulifunga ghala tumechelewa, wapagazi wananitazama kama mimi ndiye niliyewavunja migongo.

Tajiri akaniita ofisini. Si mtu mbaya. Akasema ananifahamu, wala haamini, lakini mizani ni imani ya watu, na imani ikitoboka hakuna kiraka. Akanipa mpaka mwisho wa wiki niyamalize na huyo kinyozi, la sivyo atamweka mtu mwingine kwenye mizani kwa muda, mimi nihesabu magunia matupu kule nyuma. Kwa muda! Unajua mwenyewe neno hilo linavyokuwa na maisha marefu.

Nilitoka pale sioni mbele. Na ili uelewe hali niliyokuwa nayo, wacha nikueleze kwamba kipindi chote hiki mwili nao ulikuwa hauniachi. Tangu wifi yako atutangulie, Mungu amlaze pema, nimekuwa mtu wa kuvaa vya dukani, na vitu vya siku hizi, dada, ni uhuni mtupu. Suruali zote nilizonunua mguu wa kushoto unaburuta chini, nafagia barabara ya watu bila mshahara. Moja niliirudisha dukani, nikamwambia muuzaji aipime. Akaweka tepu, akasema miguu yote iko sawasawa. Nikamwambia basi hata tepu yako ni feki. Viatu navyo vile vile. Vipya vyote vinanilaza upande, na tangu nianze kwenda kazini kwa miguu kiuno kinawaka moto. Binti akasema baba siku hizi unatembea vibaya, nikamwambia si mimi, ni kiatu. Na usiniulize kuhusu ile sakafu ya jikoni. Yule mwashi aliyeimwaga alinila pesa yangu, nikisimama pale peku naona wazi imeinama. Marehemu mwenyewe alikuwa anaafiki, kila nikimlaani yule mwashi alikuwa anasema ni kweli, baba, imeinama kidogo, kaa kitini nikupe chakula.

Basi, nilivyo na kiuno changu, nikaenda mwenyewe kwenye kibanda cha kinyozi, mchana kweupe.

Kulikuwa kumejaa. Mteja mmoja yuko kitini amenyolewa nusu ya kichwa, wengine kwenye benchi wanasubiri zamu na kusubiri vituko. Nikasalimia. Nikamwambia kinyozi kwamba nimekuja anioneshe hicho kilema chake. Yeye, badala ya kuleta baiskeli, akamwambia yule wa nusu kichwa asogee, akapanda kwenye kiti chake cha kuzunguka akaanza kuigiza. Mguu wa kulia anausukuma mbali, wa kushoto anaupandisha kifupikifupi, mabega yanapanda na kushuka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Benchi zima likalala kwa kicheko. Akasema hivyo ndivyo anavyofika kazini siku hizi, na kwamba wateja wanamuuliza kama amepigwa na mkewe.

Nikamwambia tatizo liko kwenye miguu yake, maana mimi chombo hicho nimekipanda maisha yangu yote. Akanijibu, na mashine ya kunyolea bado inaunguruma mkononi, kwamba basi labda mzee na wewe ni mchechemeaji, ndiyo maana mlipatana.

Hapo, dada, nilisahau kwamba mimi ni mtu wa Mungu. Nilipaza sauti. Nikamwambia mimi ni mzima, mguu huu uliangukiwa na rundo la magunia, mfupa ukavunjika, nikalala kitandani mpaka nikasahau rangi ya barabara, na Bwana akaniinua mzima kabisa. Kila mwaka nasimama kanisani nashuhudia hilo mbele ya watu wote, na hakuna aliyewahi kusimama kunipinga. Nikasema tutoke nje. Leo tutoke nje.

Tukatoka. Kinyozi akaikokota baiskeli kutoka nyuma ya kibanda. Nikaipanda mimi. Nikakanyaga kuelekea njia panda, nikageuka, nikarudi, na nakuapia dada ilikwenda kama maji kwenye mfereji. Hata kiuno kilinyamaza. Watu wakapiga makofi. Mmoja akamwambia kinyozi arudi kwenye mikasi yake, baiskeli awaachie wanaume. Nikajiona nimeshinda, nikawa naanza kutafuta namna ya kumsamehe.

Kisha akapanda yeye. Na ikachechemea.

Sikuamini macho yangu. Mabega juu, mabega chini, kuku na kamba yake. Nikasema anaigiza. Wakampandisha yule mteja wa nusu kichwa, mtu ambaye hana kesi na yeyote, naye ikamchechemesha njia nzima, taulo shingoni, watu wanashika mbavu. Akapanda wa tatu, vilevile. Nikapanda mimi tena, ikanyooka kama kamba ya mwashi, yaani mwashi mwingine, si yule wangu.

Kicheko kikaisha. Halafu mzee mmoja kwenye benchi akasema polepole kwamba chombo kinachomtii mtu mmoja tu kina mambo. Mwingine akasema baiskeli hiyo ina mwenyewe. Mwingine akaondoa mkono wake kwenye keria akajipangusa kwenye suruali. Umeelewa, dada? Nilikwenda pale nikiwa tapeli, na sasa nilikuwa naondoka mchawi. Mimi, ambaye hata mtu akipiga chafya namwombea! Nilitamani ardhi ipasuke, si inimeze mimi, iwameze wao na benchi lao.

Kinyozi, sitamsingizia, ndiye aliyekataa maneno hayo. Akasema yeye hana habari za uchawi, anataka pesa yake tu, na kama mimi ni mkweli twende kwa fundi wa baiskeli, yule mzee wa kona ya soko, na yeye atakachosema wote tukikubali. Nikasema twende hata sasa hivi. Fundi huyo ndiye aliyenitengenezea baiskeli hiyo tangu ilipokuwa mpya. Kama kuna mtu duniani anayeijua, ni yeye. Tukaenda wote, na msafara nyuma, nusu kichwa naye yumo.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anapachika spoku. Alipoiona baiskeli aliacha kazi. Akaigeuza juu chini, akazungusha pedali kwa mkono, akatazama cheni ikipita. Akachukua kitambaa akaanza kufuta grisi vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine, muda mrefu kuliko grisi yenyewe. Mwishowe akamwambia kinyozi amwachie baiskeli mpaka jioni, ataifanyia jambo dogo, hatadai hata senti, na haitachechemea tena. Kinyozi akakubali. Watu wote wakakubali, wakaanza kutawanyika.

Nikakataa mimi. Dada, laiti ningenyamaza pale. Lakini niliona kwamba kama itatengenezwa, basi ilikuwa mbovu, na kama ilikuwa mbovu, basi mimi ni tapeli, na kesho mama wa maharage atataka kupimiwa mara tatu. Nikamwambia fundi aseme hapohapo, mbele ya hao waliokuja kunitazama, baiskeli ina nini. Akaniomba tusogee nyuma ya kibanda. Nikamwambia sina siri. Akanishika kiwiko akanong'ona kwamba Bwana Mizani, jambo hili liache, nakuomba kwa heshima ya marehemu. Nami, kwa ujinga wa hasira, nikamjibu kwa sauti kubwa kwamba marehemu hakuwahi kupanda baiskeli, asimwingize, apime aseme.

Akapima. Alichukua kipande cha uzi, akakilaza kwenye kile chuma kinachobeba pedali ya kulia, akakata kwa urefu wake. Kisha akakilaza upande wa kushoto. Uzi ukazidi. Ulining'inia chini ya pedali, watu wote wakauona. Chuma cha kushoto ni kifupi, dada. Kimepakwa rangi nyeusi ileile, kimekaa vizuri, lakini ni kifupi kwa karibu upana wa kidole gumba. Kimetolewa kwenye baiskeli ndogo.

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Kinyozi hakushangilia, alinitazama tu, na macho yale yaliniumiza kuliko yote aliyoandika. Nikasema sikujua. Nani angeniamini? Mwenye baiskeli, mtu wa mizani, hakujua. Nilisikia sauti yangu mwenyewe inaomba, na sijawahi kuomba mbele ya watu wale.

Ndipo fundi alipovua kofia yake. Akasema aliapa hatasema, na mtu aliyemwapisha yuko mbele za haki, lakini haoni kwamba mtu huyo angependa mumewe aitwe mwizi. Akawaambia watu kwamba baiskeli ile si kilema, ilitengenezwa kwa kipimo. Akaniomba nivue viatu nisimame kwenye sakafu ya kibanda chake, ile aliyoisawazisha mwenyewe kwa ajili ya kunyooshea ringi.

Nikavua. Nikasimama peku, miguu pamoja. Na nikaegemea kushoto, dada. Nimetazama mizani inayolala upande mmoja maisha yangu yote, sihitaji kuelezwa. Mbele yangu kulikuwa na kioo kidogo cha pikipiki kimetundikwa, nikaona bega langu moja liko chini. Hakuna aliyecheka. Hata yule wa nusu kichwa.

Fundi akanisimulia hapohapo, lakini sasa kwa sauti ya chini, watu wakawa wanatazama pembeni kwa heshima. Akasema wakati ule nimelala na mguu wangu umefungwa, walikuja kwake wanawake wawili wanaikokota baiskeli yangu. Mmoja alikuwa mke wangu. Walikuwa na uzi wenye mafundo mawili. Walikuwa wamenipima nikiwa usingizini, fundo moja kwa mguu wa kulia, fundo la pili kwa wa kushoto. Wakamwomba aifanye baiskeli ifuate uzi. Mke wangu akamshika ile mikono yenye grisi akamwapisha.

Na mwanamke wa pili, dada, fundi alisema, alikuwa mrefu, ana pengo la mbele, na anacheka hata akiwa analia. Nimekuwa na dada mmoja tu maisha yangu.

Sitakuficha. Nilikukasirikia. Nilitembea kurudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia kinyozi. Nikasema moyoni kwamba mlinifanya mtoto, mlinifanya kichekesho. Miaka yote nimesimama kanisani nikisema mzima kabisa, mzima kabisa, na marehemu amekaa benchi la tatu ananitazama na kuitikia amina. Nilipofika sikumsalimia hata binti. Niliingia chumbani, nikainama nikavuta viatu vyangu vya zamani kutoka chini ya kitanda, vile nilivyokuwa nanung'unika kwamba viatu vya zamani ndivyo vilikuwa viatu. Nikakumbuka kwamba kila nikinunua jozi mpya wifi yako alikuwa anaichukua kwanza, anasema anaipeleka ikalainishwe isinibane. Nikaingiza kidole kwenye cha kushoto, nikabandua soli ya ndani.

Kulikuwa na ngozi imekatwa kwa umbo la kisigino changu. Kipande juu ya kipande, vimeshonwa pamoja kwa uzi mweusi, zile nukta zake ndogondogo unazozijua, kama mistari ya mchwa. Nikafungua jozi nyingine, ilikuwa humo. Nyingine, ilikuwa humo. Nikatoa suruali zangu za zamani alizonipindia yeye, nikazilaza kitandani, nikakunja mguu juu ya mguu. Dada, hakuna hata moja iliyo sawa. Na kule jikoni nimeweka chupa ya maji imelazwa sakafuni. Haikubingirika. Nina deni la kumwomba yule mwashi radhi ya miaka mingi, na sijui nitampata wapi.

Nilikaa sakafuni pale katikati ya viatu mpaka binti akaja akakaa nami. Hakujua, alikuwa mdogo. Yeye ndiye aliyeniuliza kwa nini mama alifanya vile, na nilipofungua kinywa kumjibu nikakumbuka. Siku ile daktari alipowaita ninyi wawili kando, mliporudi mliniuliza mkiwa mnajaribu kucheka, itakuwaje kama nitainuka na mguu wenye kasoro. Nami niligeukia ukutani nikasema, kama ni kuinuka kilema, bora nisiinuke. Sikula chakula siku hiyo. Nilikuwa nimelisahau neno hilo kabisa. Ninyi hamkulisahau.

Basi hasira imeisha, dada, imebaki aibu, nayo nitaizoea. Kinyozi nimemrudishia pesa yake yote. Alikataa, akasema fundi aweke tu chuma kirefu, ni kazi ya jioni moja, yeye ataendelea nayo. Nilimwambia chuma kile hakitoki. Wakati navaa viatu pale kwa fundi alikuwa ameinama akanishikia kiatu, yeye mwenye mdomo ule. Usiku uleule alifuta maneno yake kwenye ukurasa, akaandika kwamba mzee wa mizani alitaja kasoro zote za baiskeli na hakuficha yoyote, aliyekosea ni yeye. Mama wa maharage amerudi, nimempimia mara moja tu. Tajiri ameniacha mahali pangu. Baiskeli imerudi koridoni, binti ameshaumia muundi tena, na ninakwenda nayo kazini ingawa ni hapo tu.

Jumapili ijayo nitasimama kanisani niseme upya ushuhuda wangu. Nitasema Bwana aliniinua, na kwamba alitumia sindano ya mke wangu na uzi wenye mafundo mawili. Ningependa uwepo, lakini goti lako najua.

Sasa lile linalokuhusu. Nimenunua ngozi. Nimenunua na kiatu kipya, kiko hapa mapajani ninapoandika. Nimekata kisigino mara kadhaa, sipati. Ukikiweka upande laini juu kinateleza, ukikiweka chini kinakwaruza, na vile vipande alivyoshona yeye siwezi kuvifumua nione, mkono unakataa. Aliyejua hayupo, na ninyi mlikuwa wawili. Niandikie alivyokuwa anafanya. Usinidanganye tena kwamba hukumbuki.

Wasalimie wajukuu wote, uwape pole kwa kelele zako. Binti anakubusu mikono. Mungu akulinde mpaka tuonane, ukaninunie au ukanicheke, vyovyote nitapokea.

Ni mimi mdogo wako uliyenipima nikiwa usingizini,

Bwana Mizani